Barasa Amepanda Cherehani Yangu

Leo Barasa amepanda cherehani yangu, na wakwe wamemwona.

Ngoja nieleze.

Miaka ya sitini nilikuwa mwalimu kijana hapa Chakol. Nilinunua pikipiki yangu ya kwanza, yenye injini ndogo. Barasa alikuwa na kubwa. Alinicheka sokoni, mbele ya wasichana: "Mwalimu, hii ni piki ama cherehani?"

Jina likabaki. Hata wanafunzi wangu walilitumia.

Asubuhi hii nilikuwa nikimfundisha mjukuu wangu Nekesa kuendesha pikipiki hiyo hiyo. Yeye alitaka aanze na kubwa, kama ya Barasa.

Karibu na Malaba tukamkuta Barasa mwenyewe, amevaa koti la sherehe. Pikipiki yake imelala mtaroni, wanaume watatu wameshindwa kuiinua. Malori yameziba barabara. Yeye ndiye msemaji wa ukoo katika posa ya mjukuu wake, na bila yeye mazungumzo hayaanzi.

"Mwalimu, nisaidie. Wakwe wananingoja."

Nikaligonga tangi la pikipiki yangu. "Hii ni nini?"

"Ni piki."

"Wale wauza ndizi kando ya barabara hawajakusikia."

"Ni piki, Mwalimu! Piki kabisa!"

Nikamwacha Nekesa hapo, nikampakia Barasa, tukapenya katikati ya malori. Langoni kwa wakwe nilipunguza mwendo, nikapiga honi mpaka wote wakatoka nje.

Niliporudi, Nekesa alikuwa amejaribu kuiinua ile kubwa, akashindwa.

Amechagua cherehani.

Je, nimemwonea Barasa? Ambaye hajawahi kubandikwa jina asijibu.