Nimejenga nyumba ya kumzidi mdogo wangu ili mama arudi, sasa mama anashinda kwenye benchi la walinzi. Nibomoe ukuta?

Wakuu, salaam kwenu wote, na ndugu zangu wachache wa huku Bujumbura mnaosoma kimya kimya bila kuchangia, nawaona.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na sitaruka hata pale panaponiaibisha. Kiswahili changu ni cha Buyenzi, kikiwachanganya mnivumilie. Nataka ushauri kuhusu ukuta, na kuhusu mama.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke, mtoto wa kwanza, niliachika zamani na leo sitaki kulizungumzia hilo. Nashona nguo. Naishi na mama kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba hapa Buyenzi, mtaa wetu wa Waislamu wa siku nyingi, ambako ukikohoa tu jirani wa pili anakupa pole.

Mbele ya nyumba kulikuwa na baraza. Si kubwa. Ni saruji tu iliyoinuka kidogo, imelainika kwa kukaliwa.

Mama akishaswali alasiri anatandika mkeka pale, anaweka sinia la maharage ya kuchambua na birika la chai ya tangawizi. Kila anayepita anasalimia. Wengine wanakaa. Wateja wangu wa nguo nao walipitia hapo hapo kwa mama kabla ya kunifikia mimi na cherehani yangu.

Sasa mdogo wangu. Tumuite Rehema.

Rehema aliolewa na mtu anayetoa mizigo ya watu bandarini, anakaa Kinindo. Kama hamkujui, ni upande wa ziwani, nyumba kubwa kubwa, kimya, kila geti lina zamu. Zamu ndivyo tunavyomwita mlinzi huku.

Mimi Rehema nampenda. Lakini tangu azaliwe sijawahi kumuona amevaa kitu nikakosa kukitamani. Basi, nimeshasema.

Mvua za mwaka huu zilituingilia nyuma. Ukuta wa chumba cha mama ni wa matofali mabichi ya udongo, ukanywa maji mpaka ukashuka. Asante Mungu mama alikuwa barazani.

Rehema akaja na gari siku hiyo hiyo. Akafunga nguo za mama, akachukua na mkeka.

"Dada, atakaa kwangu kidogo tu, mpaka mutamaliza kutengeneza."

Nikasema sawa. Ningesema nini, na kitanda cha mama kilikuwa na tope?

Jumapili nikaenda kumuona. Nikamkuta kwenye veranda, miguu imo ndani ya sapatu laini za manyoya, anaangalia bustani. Nilidhani atasema amenikumbuka.

Akaniambia, "Mwanangu, maji ya moto inatoka tu mu ukuta! Unafungua, inatoka!"

Halafu akaongeza, "Rehema anajua kuishi."

Wakuu, nilimeza ile chai ya Rehema kama nameza shubiri. Miaka yote hiyo nani alimchemshia mama maji ya kuoga kila alfajiri? Nani alimbebea ndoo? Leo bomba limenipiku!

Nilirudi Buyenzi na neno moja tu kichwani: hii nyumba haitatengenezwa ukuta wa nyuma peke yake. Hii nyumba itamzidi Rehema.

Nikamtafuta fundi, kijana mmoja anaitwa Dezire, anakaa Mutanga Nord. Nikaazima futi yake ya kupimia. Kila nikienda Kinindo ilikuwa ndani ya mkoba wangu.

Rehema akiingia jikoni, napima dirisha. Akienda kupokea simu, napima sebule. Siku moja akanifuma nimepiga magoti napima kigae cha bafuni.

"Dada, unapima nini?"

"Nataka kukushonea mapazia," nikamjibu.

Mapazia ya bafuni! Lakini alifurahi, akachagua na rangi. Basi nikayashona kweli, kwa kitambaa changu, na leo yananing'inia pale, yamependeza kuliko ya kwangu. Mnaona adhabu hiyo.

Dezire alikuwa na furaha kuliko mimi. Kila nilichotaja alisema kinawezekana. Jiko la ndani, sawa. Vigae vinavyong'aa, sawa. Maji ya moto, sawa. Ukuta mrefu mbele na geti la chuma kama la Kinindo, sawa, ila baraza limekaa pale pale unapotakiwa kupita msingi.

Nikamwambia avunje.

Sikufikiria hata kidogo. Kinindo niliona veranda ya ndani, sikuona baraza la nje, nikajua basi watu wenye nyumba nzuri hawakai nje. Dezire alivunja asubuhi moja tu. Ile saruji ya baba ilitoka vipande vikubwa vikubwa, tukavimwaga kwenye msingi wa ukuta.

Kazi ikanywa kila faranga niliyokuwa nayo, na ikachelewa, kwa sababu kila Jumapili nilirudi na kipimo kipya. Rehema akiongeza taa, naongeza taa. Mama alikuwa ananiuliza kila mara, "Bado?" Nami najibu, "Bado kidogo mama, utaona!"

Niwape la ufundi hapo, maana najua kuna wanaojenga. Kama una mzee nyumbani, achana na vigae vya kung'aa, vikilowa ni hatari. Na ukuta mrefu kwenye kiwanja kidogo unakula mwanga. Chumba changu cha kushonea sasa nawasha taa mchana, na wateja wanapita wakidhani sipo.

Siku ya kurudi, Rehema akamleta mama kwa gari. Nilivaa vizuri, nikapika pilau. Nilitaka Rehema aone, na nilimuona akiangalia vigae, akaangalia jiko, kisha akafungua bomba la maji ya moto mara mbili. Ile mara ya pili niliifaidi kuliko pilau.

Lakini mama alikuwa hajaingia. Amesimama nje ya geti na mkeka kwapani.

"Tumefika kwa nani apa?"

Nikacheka. "Kwetu mama! Ingia."

"Na baraza iko wapi?"

Nikamwambia sasa kuna sebule. Akaingia, nikamfungulia maji ya moto, akayagusa. "Ni muzuri. Ni muzuri sana, mwanangu. Mungu akubariki." Alisema yote kwa adabu, kama mgeni.

Kesho yake alasiri, alipomaliza kuswali, nikamuona anazunguka na mkeka. Sebuleni hapana. Uani hapana. Mwisho akafungua geti, akakaa nje, kati ya ukuta wangu na mtaro, miguu ameikunja magari yasimkanyage.

Jirani yetu Mama Saidi akapita, akashtuka. "Ah, ni wewe? Sisi tulisema mumeuza nyumba. Tunaona geti, tunaogopa kupiga hodi."

Vumbi lilimwingia mama kwenye chai. Akakunja mkeka, akarudi ndani. Alifanya hivyo siku kadhaa. Kisha akaniambia nimpigie Rehema aje kumchukua.

Nilipandisha hasira, wakuu, sifichi. Nikamuuliza mama, nimekosa nini? Rehema ana nini ambacho mimi sikuweka humu ndani?

Akaniangalia kwa upole, ndio ulioniumiza. "Kama nilikuwa nataka nyumba ya Kinindo, si nilikuwa nabaki Kinindo?"

Akaenda zake. Kinindo!

Hapo sikuelewa kitu. Mtu hataki nyumba ya Kinindo, anaondoka kwenda Kinindo? Nikasema Rehema amemlisha mama maneno. Roho iliniuma mpaka cherehani ikawa inakata uzi bila sababu. Nikavumilia kidogo, kisha alasiri moja nikaenda bila kutoa taarifa, nimejiandaa kwa ugomvi.

Sikufika hata getini.

Nje ya ukuta wa Rehema, kwenye benchi la zamu, chini ya kivuli cha maua ya ukutani, mama amekaa. Sinia la maharage lipo mapajani. Zamu wa Rehema yupo, zamu wa jirani yupo, wadada wawili wa kazi wamekaa kwenye mkeka wetu, na mama muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ameshusha beseni lake anapumzika. Birika linazunguka. Wanacheka.

Mama alikuwa ameshajijengea baraza, bila saruji.

Nikaelewa kwamba zile wiki zote nilizokuwa napima vigae ndani, mama alasiri alikuwa huku nje. Mimi nilikuwa naenda asubuhi, kwa sababu asubuhi Rehema anakuwa na kazi nyingi na mimi napata nafasi ya kupima.

Zamu akasimama kunipisha. "Karibu, mama. Ni wewe dada mukubwa? Mwenye ile nyumba ya maji ya moto?"

Mama akadakia, sauti juu. "Uyu ndiye mutoto wangu mukubwa! Nyumba yake ya Buyenzi, we! Ata hii ya Rehema haifike pale!"

Kumbe kila siku anawasimulia. Anaisifia mpaka wauza ndagala wanaijua. Nyumba ambayo hataki kulala!

Nikageuka nikamuona Rehema amesimama kwenye upenyo wa geti lake. Alikuwa amesikia. Ule uso niliufahamu vizuri, ndio huo huo ninaouona kwenye kioo tangu mvua zianze.

Akaniambia kwa sauti ndogo, "Unazani yuko kwangu? Ndani anakuja kulala tu. Mi mwenyewe nikitaka kumuona mama, natoka inje."

Nilitaka kumhurumia. Nilikaribia. Lakini moyo wangu tayari ulikuwa umehamia kwa mtu mwingine. Zamu alikuwa anammiminia mama chai, anajua sukari yake bila kuuliza. Wakuu, maisha yangu yote nimemuonea wivu Rehema mwenye gari. Siku ile nilimuonea wivu mlinzi mwenye benchi.

Mnadhani imeishia hapo? Jumapili iliyopita nimerudi Kinindo. Nani namkuta nje ya geti la Rehema, futi mkononi, anapima lile benchi?

Dezire. Fundi wangu.

"Patronne, kazi ni kazi," ananiambia, ndivyo anavyoniita bosi wake, huku anatabasamu. Rehema anataka kujenga pale baraza la saruji, liwe na paa, ili mama asiondoke tena. Na mchoro wake alipewa na nani? Na mama mwenyewe. Upana ni ule ule wa baraza la baba.

Nikarudi nyumbani nikaangalia ukuta wangu. Baraza letu limo ndani humo, vipande vipande, chini kwenye msingi.

Sasa ndio ushauri ninaoutaka. Dezire anaanza kwa Rehema wiki ijayo. Mimi nimeshaazima nyundo kwa kina Mama Saidi, na yeye amesema akisikia nyundo ya kwanza anakuja na mkeka wake. Mume wa Rehema anasema nina kichaa, kubomoa ukuta ambao hata rangi haijakauka vizuri.

Nilichojifunza ni kimoja. Kabla hujagusa nyumba ya mzazi, kaa naye alasiri moja pale anapokaa, uone anaangalia wapi. Mimi niliishi naye maisha yangu yote nikiwa nimempa mgongo, naangalia sindano.

Mlio na uzoefu wa kubomoa, semeni. Mlio na wadogo zenu kama Rehema, semeni pia, hata mkinitukana nitasoma. Ila hasa nijibuni hili, maana mama mwenyewe naogopa kumuuliza: nikilirudisha baraza la baba pale pale lilipokuwa, mama atarudi kukaa na mimi, au atarudi kukaa na wapita njia?

Na kama ni wapita njia, mniambie pia kama nami naruhusiwa kuzima cherehani, nikapita.