Paka wa Avenue Nzima

Kanyere aliuza maharagwe katika mtaa wa Mabanga, na paka wake hakukaa kwake. Juma hili alilala kwa muuza mahindi, lijalo kwa muuza unga. Mwenye panya ndiye aliyemwazima. Basi chef wa avenue, kiongozi wa barabara yao, alipotangaza kwamba paka asiye na karte ya chanjo ya kichaa cha mbwa atauawa jioni hiyo, na atakayekutwa naye atajibu mashtaka, Kanyere hakujua hata paka wake yuko kwa nani.

Alibisha kila mlango. Wanafiki wakubwa! Wote ambao paka aliwalindia magunia sasa walimkana.

"Hapana, Mama, haiko hapa," alisema muuza unga, na papo hapo paka akalia nyuma yake.

Kanyere akampita, akamvuta paka kwa nguvu. Akararuliwa mkono mpaka damu, akamtia guniani, akakimbia mpaka uwanja wa parokia, walikokuwa wakichanja wanyama.

Daktari wa mifugo alikuwa akifunga sanduku lake. "Mama, barafu iliyeyuka tangu asubuhi. Dawa imeharibika."

Kanyere akapiga magoti. "Papa, watamuua!"

Daktari akalitazama gunia likitikisika. Akapiga muhuri kwenye karte bila kushika sindano, akampa huku akiangalia pembeni.

Kanyere aliporudi na karte mkononi, muuza unga alikuwa akimngoja mlangoni, meno yote nje. "Mama Kanyere, sasa paka yetu iko na karte! Niazime tena. Leo hata batoto batalala nayo."

Kanyere akauficha mkono wake ndani ya kitenge, akamkabidhi gunia.