Anwani ya Dada Kandida

Kandida hakuwa mtu wa kumnyima mtu kitu, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa na duka la steshenari nyuma ya soko la Ifakara, chumba kimoja chenye kompyuta, mashine ya kutolea kopi na benchi la kusubiria. Watu walimfuata kutoka Namawala na Kivukoni, wengine Malinyi kwa pikipiki, bahasha wamezifunga kwenye nailoni zisilowe. Ndani ya bahasha mlikuwa na maisha mazima ya mtu: cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha kidato cha nne, kitambulisho cha taifa.

Siku hizi kila fomu inataka imeili. Unaomba chuo, imeili. Unaomba kibarua cha miezi mitatu, imeili. Sasa mkulima wa mpunga mwenye simu ya vitufe ataitoa wapi? Kandida alikuwa na jibu moja kwa wote: "Weka ya kwangu." Akaskani vyeti vyao, akavituma, nakala zikabaki humo humo. Tena, kwa kuwa mtu anaweza kufika Morogoro mjini akaambiwa lete cheti sasa hivi, aliandika neno la siri nyuma ya kila bahasha kwa kalamu nyekundu, mteja afungue popote alipo. Watu walimsifu sana. Hakuna aliyemwambia kwamba huo ni ujinga, maana ulikuwa ujinga wenye manufaa kwa kila mtu.

Jumatatu moja ya mwezi Septemba, neno la siri likakataa. Kandida aliliandika mara tatu, akavaa miwani, akaliandika tena. Kuna mtu alikuwa ameingia, akalibadilisha, na namba ya simu ya kurejeshea akaweka ya kwake. Kandida akajiambia ni mtandao. Alijidanganya hivyo siku mbili nzima.

Jumatano akaja Oliva, binti wa Namawala aliyechaguliwa chuo cha uuguzi, wa kwanza katika ukoo wao. Alikuwa na mama yake, Brigita. Oliva alitakiwa kuripoti chuoni Jumatatu inayofuata, lakini chuo kilikuwa kimempigia simu. Namba yake ya mtihani ilikuwa imeshatumika. Katika mkoa mwingine kulikuwa na mwanafunzi aliyesajiliwa kwa vyeti vile vile na jina lile lile, ila picha ya mtu mwingine.

"Dada Kandida," Oliva alisema, "wanasema mimi ndiye feki."

Kandida alikaa kwenye benchi la wateja.

Walikwenda polisi wote watatu. Mpelelezi, Afande Evarist, aliwasikiliza vizuri, kisha akaeleza kwamba chuo kitahitaji hati ya kiapo inayoonyesha vyeti vilimtokaje Oliva mkononi. Bila hiyo ni neno lake dhidi ya la mwenzake, na mwenzake ameshaanza masomo.

"Nani mwingine alikuwa na pasiwedi?" akamuuliza Kandida.

"Wote, afande."

"Wote kina nani?"

"Wateja wangu wote."

Evarist aliweka kalamu mezani.

Kiapo kilichapwa dukani kwa Kandida mwenyewe, kipelekwe kwa hakimu. Alishawachapia watu viapo vingi, na sentensi ya kawaida ilimjia vidoleni bila kufikiri: bahasha yenye vyeti ilipotea njiani. Ingetosha. Oliva angeonekana mzembe kidogo, basi, na duka lingebaki duka. Akaiandika. Kisha akaiona bahasha ya Oliva mezani, safi, haina hata kunyanzi, nailoni yake imekunjwa vizuri pembeni. Brigita aliitunza chini ya godoro miaka miwili. Nyuma yake kulikuwa na mwandiko mwekundu wa Kandida.

Aliifuta ile sentensi. Akaandika: vyeti vilitoka kwangu, kwa uzembe wangu, pamoja na vya watu wengine mia moja sitini na watatu. Aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni, akakitia kiapo sahihi mbele ya hakimu hivyo hivyo.

Jumapili, baada ya matangazo ya misa, aliomba nafasi akasimama mbele. Wateja wake Waislamu alikuwa amewafuata nyumbani jana yake, mmoja mmoja. Alisema yote, hakupunguza kitu. Kisha Bibi Scolastica, ambaye cheti cha ubatizo ndicho ushahidi wake pekee kwamba alizaliwa, akanyanyuka taratibu.

"Kwa hiyo kuna mtu huko anatembea na jina langu?"

"Inawezekana, bibi."

"Na mimi nimebaki na nini?"

Kandida alilia pale pale, na hakuna aliyemwendea.

Wiki hiyo wale waliokuwa wameacha bahasha zao kwenye rafu ya duka walikuja kuzichukua. Wengine walimsalimia, wengine walinyoosha mkono tu wapewe. Mpaka Ijumaa rafu ilikuwa tupu na benchi halina mtu. Chuo nacho kilijibu: kiapo kimepokelewa, uhakiki utafanyika, Oliva asubiri hadi Machi. Miezi sita ya mtoto wa watu ilikuwa imekwenda hivyo, na Kandida alijua imekwenda kwa mkono wake.

Jumamosi asubuhi Oliva akaja peke yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Kandida hakuweza kumtazama usoni.

"Nataka imeili. Ya kwangu mwenyewe."

Kandida alimvutia kiti. Akamwonyesha pa kuandika jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, bila haraka, kidole kikielekeza bila kugusa. Walipofika penye neno la siri, mkono wake ulitangulia kwenye kibodi kwa mazoea ya miaka yote ile. Akaurudisha.

"Hapa utaandika wewe," alisema. "Usiniambie. Usimwambie mtu yeyote."

Akainuka, akaenda mwisho wa chumba, akasimama uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa darasani. Nyuma yake alisikia vitufe vikibonyezwa kimoja kimoja, polepole. Alisubiri bila kugeuka mpaka Oliva aliposema, "Tayari, dada."