Mpira wa Akiba wa Mzee Ponso

Mtu anayekula dagaa wakavu ndani ya ndege isiyofunguka madirisha hawezi kuwa shujaa wa yeyote, na Mzee Ponso Magbanua nimeshamwambia hivyo usoni. Nimeruka naye miaka mingi. Mimi ni rubani, yeye ni injinia. Anakaa nyuma yangu akitazama ubavuni, ukuta mzima mbele yake ni mishale na swichi, na chini yake kuna televisheni ndogo inayoonyesha mkia wetu.

Tunauza mafuta angani. Jeshi la majini lina ndege nyingi za vita na chache za kuzijazia mafuta, kwa hiyo linatukodi sisi raia, wastaafu wenye vitambi, pamoja na ndege yetu kuukuu nyeupe isiyo hata na bunduki moja. Ponso anateremsha mpira mrefu wenye kikapu cha chuma mwishoni. Rubani wa kivita anasogea nyuma yetu, anachomeka mrija wa ndege yake ndani ya kikapu, anajaza, anaondoka. Kwa mdomo ni rahisi. Lakini kikapu kinayumba kwa upepo, na kosa la wageni wote ni lile lile: wanakikodolea macho. Wakishakikodolea wanaanza kukifukuza, na mwisho wanakibamiza.

"Tazama ndege, mwanangu," Ponso huwaambia wakija kututembelea. "Kikapu achana nacho. Kitakuja chenyewe."

Ana subira inayoniudhi. Tunabeba mipira miwili, mmoja wa kazi na mmoja wa akiba. Kijana akipinda kikapu cha mpira wa kwanza, kanuni inaturuhusu kumpa wa pili lakini haitulazimishi. Mimi ningewarudisha wote nyumbani wakajifunze upya. Ponso huwapa. "Kapteni, na wewe ulikuwa mbumbumbu zamani," ananiambia, na ule wa akiba unateremka.

Alitoka kisiwani kwao, Iloilo, ng'ambo ya bahari, akiwa kijana, akaingia jeshi la Marekani kumenya viazi kwenye jiko la meli. Kutoka viazi akafika kwenye injini, na hanisimulii alifikaje hata nikimuuliza. Nyumba yake iko mjini Oxnard, pwani ya Marekani, karibu na mashamba ya stroberi, na mkewe Perla ndiye anayelisha kikosi chetu kizima. Humo ndani walimlea mjukuu wao, Janelle, kwa kuwa mama yake ni nesi na zamu zake hazina mpangilio. Janelle alipovishwa beji ya mabawa ya urubani wa kivita, Ponso alitembea na picha mfukoni akimwonyesha kila mtu, hadi mlinzi wa geti akawa anajificha akimwona.

Kisha Janelle akashindwa kuingiza mrija kwenye mtihani wake. Mkuu wa kikosi chake akamwambia: ukishindwa tena, mabawa hayo utayavua. Ponso aliniambia habari hiyo akiwa anakaza skrubu ambayo tayari ilikuwa imekaza.

Basi ikaja safari ya Hawaii. Ndege nne za kivita zilitufuata, na desturi ni kwamba kila mmoja ajaribu kujaza mapema, pwani ingali karibu, ili asiyeweza ageuze. Redioni hatutajani majina, ni namba tu. Watatu walijaza vizuri. Namba nne alipoitikia, nilimsikia Ponso akiacha kutafuna.

Mara ya kwanza alipita chini ya kikapu. Mara ya pili alikibamiza ukingoni hadi tukasikia mtikisiko mgongoni.

"Namba nne, rudi nyuma," Ponso alisema kwa sauti ya kazi. "Kikapu kimepinda."

Alianza kuuvuta mpira ndani. Nikageuka. "Haya Mzee, tumpe wa akiba?"

"Hapana. Aende nyumbani."

"Ponso. Unajua ni nani yule?"

"Kapteni, mpira ni wangu. Nimesema aende nyumbani."

Nikatamka hayo redioni. Sauti ya binti ikajibu, "Nimesikia." Mwenzake mmoja alimsindikiza. Wawili waliobaki tuliwafikisha Hawaii kwa mpira ule wa akiba, na njia nzima Ponso hakufungua chakula chake.

Jumapili iliyofuata nilialikwa kwao. Perla alikuwa amepika supu yake ya ukwaju na samaki. Janelle alikuwepo, macho yamevimba, na Ponso alikuwa anachota wali bila kumtazama mtu.

"Umemfukuza mjukuu wangu angani," Perla alimwambia, "hata supu hummiminii?"

Akammiminia. Janelle hakugusa kijiko. Alisema mkuu wake hajamvua mabawa bado, amempa jaribio moja la mwisho, Alhamisi, na ni kwa ndege yetu hii hii.

"Babu, ulijua ni mimi?"

"Nilijua."

"Ningekuwa mtu mwingine?"

Nilitamani niwe nimekaa pengine. Ponso aliweka mwiko chini.

"Ningekupa wa akiba."

"Babu!"

"Nilikiona kile chuma kimepinda kiko mbele ya injini yako. Nikawaza, akija tena atakibamiza tena, na mimi nitaangalia kwenye televisheni. Nikaogopa. Basi."

"Wale wengine je? Huwaogopei?"

"Wale wana babu zao."

Perla alicheka, halafu akajifuta macho kwa aproni. Janelle akavuta bakuli lake karibu.

"Mimi naomba kitu kimoja tu. Alhamisi nichukulie kama mtoto wa watu."

Ponso alimtazama muda mrefu. Nilimpenda sana mzee yule wakati ule, pamoja na dagaa wake.

"Siwezi," alisema. Kisha akanigeukia. "Kapteni, Alhamisi tafuta injinia mwingine."

Katika miaka yote hiyo hakuwa amewahi kukosa safari, hata alipokuwa na jino bovu. Alhamisi kiti chake kilikaliwa na mwingine, bwana mmoja mtulivu asiyemjua Janelle wala ukoo wake. Mara ya kwanza Janelle alikosa. Alipogonga ukingo mara ya pili, yule bwana aliangalia televisheni yake, akasema kikapu kimepinda, akateremsha wa akiba bila hata kuniuliza, kama ambavyo Ponso angemfanyia mtoto wa mtu yeyote. Janelle akaja taratibu, akachomeka mrija, na mafuta yakapita.

Tulipotua Ponso alikuwa amesimama uzioni. Nilimweleza yote, na habari ya mpira wa akiba pia. Alishika waya za uzio kwa mikono miwili na kulia, akisema, "Angalau yeye alimpa. Angalau yeye alimpa."