Mtaa Tuliouuza Kabla Haujakamilika

Mchezo wetu ulianza kuuzwa ukiwa na mtaa mmoja tu. Ulikuwa mchezo wa simu: unaendesha taxi-moto, yaani pikipiki ya kukodi, unabeba abiria, unawafikisha wanakokwenda kabla hawajachoka na kuteremka bila kulipa. Tulikuwa tumeahidi mji wetu wote, Kolwezi nzima. Tuliahidi soko la Manika, barabara ya Fungurume pamoja na malori yake, na mashindano ya pikipiki kutoka mwisho mmoja wa mji hadi mwingine. Tulichokuwa nacho ni vichochoro vya mtaa wetu wenyewe. Ukipita nyumba ya mwisho ardhi ilikatika, ukaona weupe mtupu, na pikipiki ikatumbukia humo.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu ni mtoto wa dada mkubwa wa mama yangu, kwa hiyo ni kaka yangu, na mimi humwita Yaya kama wadogo wanavyowaita wakubwa kwetu. Yeye aliandika programu, mimi nilichora. Tulikaa sebuleni kwa mama, kompyuta moja kati yetu, na umeme ulipokatika tulikaa tu tukijadiliana.

Wazo la kuuza mapema lilikuwa lake. Watu wanunue sasa kwa bei ndogo, wacheze kilichopo, halafu wapewe kila toleo jipya bure mpaka mwisho. Mimi niliona haya.

"Yaya, tutauzisha kitu yenye haiyaisha?"

"Haina wizi," alisema. "Tunaandika pale juu kama haiyaisha. Mwenye anataka, anauza. Haujaona bantu banauza mahindi ingali mu shamba?"

Kwetu kuuza ni kununua pia, inategemea nani anasema, na siku ile neno hilo moja lilitosha kwa pande zote mbili. Nikakubali.

Mtaa wetu ndio tulioanza nao kwa sababu niliweza kuupiga picha kwa miguu. Asubuhi moja ya kiangazi nilitoka na simu, nikapiga kila kitu: kuta za matofali mabichi, mabati yenye mawe juu ili upepo usiyabebe, kisima, duka la dawa kwenye njia panda, viti vya plastiki mbele ya milango. Jirani yetu wa ng'ambo ya njia, mama aliyekuwa akikaanga vitumbua na kuuza shuleni, alikuwa ameanua nusu ya nguo zake na kuacha nusu. Shati la mumewe lilibaki kwenye kamba, la kijani, mfuko umechanika. Alipoona simu imeelekezwa huko alicheka.

"Unapika nguo foto? Bantu bengine banapika foto ya ndoa."

Nikamwambia picha ni kwa ajili ya mchezo, kwamba nyumba yake itaonekana mpaka Kinshasa. Akauliza kama vitumbua vyake navyo vitaonekana. Niliviweka, kwenye karai mlangoni, na mvuke ukipanda. Shati nililichora likipeperuka kidogo, maana Yaya alikuwa amepata namna ya kufanya nguo ziguswe na upepo na alikuwa akijivunia. Yeye naye alikwenda Jumapili moja kurekodi sauti: kwaya ikifanya mazoezi, sufuria ikisuguliwa, na mahali fulani mwanamume akikohoa.

Mume wa jirani alikuwa anachimba kwenye mgodi wa Mutoshi. Kabla ya mvua za kwanza, shimo lilimfunika yeye na wenzake. Tulikaa kilio pamoja na mama yule, tukapika, tukaimba na wanawake wa kanisa lake. Mchezo ulikuwa umeshaanza kuuzwa wakati huo. Sikuufikiria hata kidogo siku zile.

Halafu zikaja habari kwamba mgodi ulio karibu nasi unapanuka, na mtaa wetu uko juu ya kile wanachotafuta. Watu walikuwa wamejua siku nyingi. Kuta zetu zilipasuka kila mlipuko ulipopigwa, na kuna waliochimba ndani ya vyumba vyao wenyewe wakaona rangi ya madini. Tulihamishwa kwa zamu. Wengine walipewa viwanja nje ya mji, wengine walipanga Manika, wengine walirudi kwa ndugu zao upande wa Kamina. Sisi tulipata nyumba ndogo kando ya barabara, na kutoka hapo tulisikia mashine zikifanya kazi mchana kutwa. Ulijengwa uzio wa chuma. Baadaye ardhi nyuma ya uzio ilishuka, na shimo likawa pale tulipokuwa tunaishi.

Ndipo ujumbe wa wachezaji ulipobadilika.

Mwanzoni walituandikia kama wachezaji wote wanavyoandika. Pikipiki inapita katikati ya mti. Abiria anaelea hewani. Mashindano yanakuja lini? Sasa ukaanza kuja ujumbe wa namna nyingine. Mlango wetu ulikuwa wa buluu, nyinyi mmeweka kahawia. Kwa bibi kulikuwa na jiwe la kukalia, liko wapi? Walionunua walikuwa majirani zetu waliotawanyika, na watoto wao walioko mbali kwa masomo.

Yaya alidhani programu imeharibika. Aliweza kuona mahali ambapo wachezaji walisimama, na akaniita nitazame. Kulikuwa na watu waliofungua mchezo, wasibebe abiria hata mmoja, wakaendesha moja kwa moja hadi kwenye nyumba fulani na kusimama hapo. Walikaa kimya, pikipiki ikinguruma, mpaka simu zikaishiwa moto wa betri.

"Wamekwama," alisema.

Nilitazama nyumba moja moja. "Hawajakwama," nikamwambia. "Huyu yuko kwao. Na huyu yuko kwao."

Aliinuka akaenda kunywa maji.

Kile kikohozi kilikuwa kibaya zaidi. Kijana mmoja aliandika kutushukuru kwa kuhifadhi sauti ya baba yake aliyefariki baada ya kuhama. Tulimpa pole. Kisha akaandika dada mmoja kutoka familia nyingine kabisa: kikohozi kile ni cha babu yake, angekitambua popote. Akaja wa tatu. Yaya hakukumbuka ni nani aliyekohoa Jumapili ile, na hatukuwa na moyo wa kumwambia yeyote kwamba amekosea. Tangu hapo nilifanya kazi sauti ikiwa imezimwa. Nilikuwa nimeuchora mtaa ule kwa mkono wangu, kila tofali, lakini nilianza kuuogopa. Niliupitia kwenye kioo cha kompyuta mchana, mama akitwanga nje, na bado nilihisi kwamba nyuma ya milango niliyoichora bila vyumba kuna mtu ananisikia.

Alasiri moja jirani yetu wa vitumbua alikuja. Alikuwa amevaa nguo zake za kanisani. Mama alimpa kiti na maji, wakaulizana habari za watoto, kisha akasema amekuja kwangu.

"Mutoto yangu, binti yangu alinionyesha ile jeu yenu ku telefone. Nyumba yangu iko. Karai yangu iko. Aksanti."

Nikasema asante, mama. Nilikuwa nangoja aniombe kuongeza kitu, kama wengine.

"Ile shati ya bwana yangu," alisema. "Ingali ku kamba."

"Ndiyo, mama."

"Mvua inanyesha, iko ku kamba. Jua, iko ku kamba. Mi nilitoshaka nguo yake yote kisha kilio. Ndugu zake bakakuya, tukagawa, kila mutu na yake. Kiisha bantu banafungua telefone, banaona mi niliacha shati ya mufu inje. Binti yangu anakaa anaiangalia. Anasema, mama, inatikisika, kama vile baba alitoka kuivula sasa hivi. Mufu, tunamuaga. Hatumuachie nguo inje airudilie. Utoshe ile shati."

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, nikajua hakuna haja ya kujibu kwa maneno mengi. Nilimwambia nitaliondoa. Aliniomba nifanye hivyo akiwapo.

Nikafungua kompyuta, nikafika mbele ya nyumba yake, na yeye akasogeza kiti. Shati lilikuwa linapepea. Nilimwuliza kama anataka kusema chochote kwanza. Akakataa, ila alinyoosha mkono, akashika ukingo wa kompyuta kama mtu anayeshika kamba isicheze. Nililiondoa. Kamba ilibaki tupu, ikipepea yenyewe, kwa sababu upepo Yaya aliufungia kwenye kamba pia. Mama yule alitazama kwa muda. Kisha akavuta pumzi, akageuka kwa mama na kumwuliza bei ya unga Manika siku hizi.

Yaya alikasirika aliporudi. Hakupandisha sauti, si tabia yake.

"Tuliuza ahadi ya kujenga," alisema. "Watu wa Lubumbashi wanangoja mashindano. Wa Kinshasa wananitukana. Sasa tutume toleo jipya, tuandike nini? Tumeondoa shati?"

"Andika hivyo."

"Bale ba Kinshasa pia baliuza na feza yao."

Alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo. Lakini tulituma. Aliandika mstari mmoja: shati limeanuliwa. Nadhani alitarajia kuchekwa. Badala yake, kesho yake na siku zilizofuata, maombi yaligeuka. Hakuna aliyeomba tena mlango wa buluu. Mmoja aliomba tuingize ndani kiti cha baba yake. Mwingine aliomba mlango wa kwao ufungwe, maana waliufunga walipoondoka na kwenye mchezo umebaki wazi. Mama mmoja aliyehamia upande wa Kamina aliomba tuzime jiko lake la mbabula, makaa yasiendelee kuwaka bila mtu. Na yule kijana wa kwanza wa kikohozi aliandika kwamba anaomba kitolewe. Hakueleza. Yaya alikitoa mwenyewe, na sikio lake lilikuwa karibu na kompyuta kwa muda mrefu kabla hajakifuta.

Nilifanya kazi hiyo msimu mzima wa mvua. Nilikuwa nikiubomoa mtaa wangu kwa utaratibu ambao mashine hazikuwa nao: ndoo zikaingizwa, moto ukazimwa, milango ikafungwa, na kila nilipomaliza nyumba niliwaandikia wenyewe. Wengine walijibu kwa neno moja. Wengi hawakujibu, na wakaacha kuja kusimama.

Yaya, upande wake, alijenga Manika. Aliijenga karibu peke yake, kwa hasira kwanza, halafu kwa furaha. Nilimchorea soko na kanisa na mabasi madogo, akatengeneza mashindano aliyokuwa ameyaahidi, na waliokuwa wamenunua wakapewa bila kuongeza kitu. Wa Kinshasa waliacha kutukana. Mtaa wetu tuliutoa kwenye mauzo. Waliokuwa nao kwenye simu wakabaki nao. Neno kwamba mchezo haujakamilika bado liko pale juu. Barabara ya Fungurume hatukuwahi kuifikia, ingawa Yaya sasa anaishi huko huko Fungurume, anatengeneza kompyuta za ofisi, na husema kwamba barabara yenyewe nayo haijakamilika.

Mwaka jana nilipigiwa simu na mwanamke nisiyemjua. Alipata namba yangu kwenye ukurasa wa mchezo. Ni mtu wa Likasi, alikuwa amekuja Kolwezi kwa arusi ya ndugu yake, na hakuwahi kufika hapa kabla. Alikuwa mmoja wa wanunuzi wetu wa kwanza kabisa. Aliniambia amechukua taxi-moto kuja kutazama mtaa, dereva amemfikisha kwenye uzio na kusema mwisho ni hapa.

"Mi niko ku njia panda," alisema. "Farmasi haiko."

Nilikwenda. Nilimkuta amesimama na viatu vyake vya arusi, vumbi limeshapanda hadi kwenye vifundo. Alidhani labda kuna mlango wa kuingilia upande mwingine. Nikamweleza. Hakuwa amejua, alifikiri tulichora mtaa ulioko.

Alisogea kwenye uzio na kuchungulia kati ya mabati. Chini kulikuwa na ngazi za udongo mwekundu na lori moja dogo sana likipanda. Akanyoosha kidole hewani, juu ya shimo.

"Kutokea hapa, mutu anaenda mbele," alisema. "Anapita ku kisima. Ile njia ya kushoto inafungwa na ukuta, inafaa kuzunguka kwa fundi wa viatu. Kiisha nyumba ya vitumbua."

Nilikuwa nimemsahau fundi wa viatu. Nilimchora mimi, kibanda chake na mlingoti wa taa uliokuwa ukikiegemea, na kwa miaka hii yote sikuwa nimemkumbuka hata mara moja. Mwanamke yule wa Likasi, ambaye hakuwahi kukanyaga pale, aliendelea kuonyesha: hapa unapunguza mwendo, hapa kuna mbwa. Kidole chake kilikata kona zote sawasawa. Nilimfuata kwa macho, na tulipofika kwetu alipapita bila kusimama, kwa sababu kwake ilikuwa nyumba kama nyumba nyingine.

"Ni mbele ya hapo paliniangushaka kila siku," alisema. "Kiisha nyumba ya mwisho, inakuwaka nyeupe tu."

Dereva wa taxi-moto alituuliza kama tunarudi. Tulipanda wote wawili nyuma yake, mwanamke yule katikati akishika viatu vyake mkononi, tukashuka kuelekea Manika.