Shamba Lipi?

Wito wa baraza la ardhi ulimkuta mama akipalilia mihogo, kule Buswahili. Kesho yake akapanda gari, akaja kwangu Makoko. Nilikuwa nachapa nyaraka za watu katika duka la steshenari mjini Musoma, na kwa mama hilo lilitosha kunifanya mwanasheria.

"Nisomee," akasema. "Taratibu."

Jirani yetu, mzee mstaafu aliyerudi kijijini kutoka Bunda, alidai kwamba mama "amevamia ardhi yake iliyopo Buswahili". Ilifuata tarehe ya kufika barazani, na sahihi. Basi.

"Shamba lipi?" mama akauliza.

"Hawajasema."

"Soma tena. Labda umeruka."

Nikasoma mara tatu. Mama ana mashamba matatu: la mihogo, la pamba, na kipande cha bondeni alichoachiwa na baba. Yote yanapakana na ya yule mzee. Mimi nilishaingiwa na hofu, nikataka kuandika jibu la neno moja: sijavamia. Mama akakataa.

"Nitakataaje kitu nisichokijua? Na kama kweli nimekosea?"

Nilimtazama. Miaka yote ile nimechapa hati za madai, sikuwahi kujiuliza kama anayezipokea anaelewa anatuhumiwa nini hasa.

Siku ya kesi mama alivaa viatu vya kanisani. Mwenyekiti wa baraza, mwanamke wa makamo, alisoma madai, akauliza, "Mama, unakubali au unakataa?"

"Mheshimiwa, mimi nalimaga sehemu tatu. Naomba nijue ni ipi, inaanzia wapi, inaishia wapi. Nikishajua, nitasema ukweli."

Mtu mmoja nyuma yetu akacheka. Mwenyekiti hakucheka. Aliirudia ile karatasi, akaigeuza hata upande wa pili, kisha akamgeukia mzee.

"Ana haki ya kuuliza. Hawezi kujibu madai yasiyoonyesha eneo. Karekebishe: ukubwa, mipaka ya kila upande, na lini alivamia. Naye apewe nakala na muda wa kujibu."

"Lakini anapajua!" mzee akalalamika.

"Basi kupaandika hakutakupa shida."

Karatasi mpya ilipofika ilijaa ukurasa mzima. Mzee alidai kipande chote cha bondeni, kutoka upande wake wa uzio wa minyaa hadi kijitoni, na akasema mama alikiingilia msimu uliopita. Jumamosi nikaenda Buswahili. Mimi nilisoma, mama akapima kwa hatua, miguu mitupu, akisimama kila mpaka ulipotajwa. Upande wa minyaa tukakuta uzio umekufa. Mama akachuchumaa, akafukua kwa vidole mpaka akagusa shina kavu. Kisha akahesabu matuta yaliyokuwa ng'ambo ya lile shina, upande wa mzee. Yalikuwa manne, na yote yalikuwa na mahindi yake.

"Kumbe nimevuka," akasema. "Plau ilipita hapa, hakuna alama. Lakini kuanzia hapa mpaka kijitoni ni kwetu."

Akaniambia niandike hivyohivyo: matuta manne nakubali, yaliyobaki nakataa. Niliogopa kumwandikia mama yangu kosa kwa mkono wangu, lakini niliandika.

Tuliporudi barazani mzee alilisoma jibu mara mbili pale kwenye benchi la nje.

"Mimi nilikuwa nataka hayo manne tu," akasema. "Nilidhani ukidai kidogo hawakusikilizi."

"Sasa mbona hukuja kuniuliza?"

"Niliona aibu kubishana na mjane."

"Ukaona heri unilete Musoma!"

Mzee akainamisha kichwa, akacheka kwa aibu. Waliingia pamoja mbele ya mwenyekiti, makubaliano yakaandikwa, kila mmoja akasaini. Mama aliomba avune kwanza yale mahindi. Mzee akakubali. Walipokuja kupanda minyaa mipya, mwenyekiti wa kitongoji akiwa shahidi, mzee alishika kamba upande mmoja, mama upande mwingine, wakabishana kidogo kama imenyooka.