Gunia Lililoitika

Juzi sokoni Embu niliona gunia tupu lililotobolewa matundu mawili, nikarudi nyumbani bila viazi nilivyofuata.

Alasiri ile ya Hali ya Hatari, nilipokuwa mtoto na wakoloni wakiwasaka wapigania uhuru, askari walitupanga foleni katika kijiji chetu kilichozungukwa na handaki. Hewa ilinuka vumbi na mafuta ya lori. Mbele yetu alisimama mtu aliyefunikwa gunia hadi magotini, macho yakichungulia matunduni. Aliyepita na gunia likamtikisia kichwa, kuonyesha ni mpiganaji, alipakiwa kwenye lori. Mimi nilidhani ni mchezo wa watu wazima.

Baba alipita. Gunia likatikisa kichwa.

Tulipofika mimi na mama, nilitazama chini nikaona mguu usio na kidole gumba, kile kilicholiwa na funza. Nikafurahi sana.

"Baba Mdogo!"

"Naam, mama," gunia likaitika.

Nilirithi jina la mama yake, na tangu nizaliwe hakuwahi kuniita vingine. Mdomo ulishazoea.

Foleni nzima ikageuka kumtazama. Leo najua alilitaka shamba la baba, lililopakana na lake. Siku ile nilimwona tu akilivua gunia.

"Nipakieni na mimi," alimwomba askari. "Hapa siwezi kubaki."

Askari akacheka, akafunga mlango wa nyuma. Lori likaondoka na baba.

Handaki lile lilikuwa na lango moja. Wake wa waliopakiwa walikuwa wameshasimama hapo, wakimngoja Baba Mdogo.